Nimekabidhiwa kazi ya kupanga njia za kukimbilia mafuriko mtaani kwetu, bajeti hakuna. Naombeni ushauri

BondeniKwetu

Wakuu salaam.

Mimi ni mjumbe wa serikali ya mtaa, kwenye mmoja wa mitaa ya bonde la Msimbazi, Dar. Mtaa sitautaja maana humu tunafahamiana. Kwenye kikao kilichopita mwenyekiti alisema masika haya hataki tena kusikia watu wameokolewa juu ya mabati, kwa hiyo kamati ya maafa iandae mpango: watu watoke kwa njia ipi, waende wapi, nani awatangazie. Kamati nzima ikanigeukia mimi, kisa najua kutumia kompyuta.

Mtaa wetu unateremka kutoka barabara ya lami hadi mtoni. Nyumba za chini kabisa ziko ukingoni, na ukingo wenyewe unamegeka kila mwaka, wachimba mchanga nao wanausaidia kumegeka. Njia za kutoka ni mbili.

Ya kwanza ni fupi na kila mtu anaipenda. Unafuata mto, unavuka mtaro mkubwa kwenye kivuko cha zege, unatokea kijiwe cha bodaboda. Dakika chache umefika.

Ya pili inapanda kwa uchochoro hadi shule ya msingi. Ni ndefu, ngazi zake ni viroba vya mchanga, na katikati bwana mmoja amesogeza ukuta mpaka uchochoro umebaki wa kupita kiubavuubavu. Ana geti dogo la nyuma, likifunguliwa unakatiza uani kwake bila shida, ila muda wote lina kufuli.

Nichague ipi? Usiku wa manane tunawatangaziaje watu? Na wale wanaokataa kutoka tuwafanyeje? Vifaa tulivyonavyo ni kipaza sauti kimoja cha mkono, betri tunachangishana.

Nawasilisha.

Mkongwe_wa_Bonde

Mjumbe, hiyo njia ya kwanza ifute kabisa kwenye karatasi yako.

Desemba 2011 nilikuwa naishi huko huko bondeni. Mvua ile iliua watu zaidi ya 40 Dar es Salaam, na waliobaki bila makazi serikali ikawapeleka Mabwepande. Watu hawaelewi kwamba maji hayaanzi sebuleni kwako, yanaanza mtaroni. Ukishayaona yanalamba kizingiti cha mlango, kile kivuko kimeshazama zamani. Na usiku hukioni. Unakanyaga unapokumbuka palikuwa na zege, kumbe zege limeondoka.

Chizi Freshi

Nimekaa siti ya mbele, nasubiri wa kusema "hameni".

MsemaKweli255

Basi nimefika. Hameni! Sheria ya Mazingira ya 2004 kifungu cha 57 iko wazi, mita 60 kutoka mtoni hakuna shughuli ya kudumu. Mnajenga mtoni, mnachimba mchanga, mnatupa taka, halafu mvua ikinyesha mnaitafuta serikali. Huo mpango wa njia unawapa watu moyo wa kuendelea kukaa.

BondeniKwetu

MsemaKweli, sheria naijua na sibishani nayo. Lakini nyumba za chini karibu zote wanaishi wapangaji, chumba kimoja familia nzima, mwenye nyumba anakaa kwingine. Na tangu huu mradi wa serikali wa kuliendeleza bonde la Msimbazi uanze kuna watu wanasubiri fidia na kuhamishwa. Mvua haisubiri fidia. Mimi nimeulizwa mama mwenye mtoto mgongoni apite wapi saa nane usiku.

Mkongwe_wa_Bonde

Na hao wa Mabwepande wengi walirudi, wengine waliuza viwanja. Kibarua kiko Kariakoo, nauli inakula chote. Tuendelee na mada.

Fundi Mitaro

Nimefanya kazi za mitaro na makalavati muda mrefu, nichangie kwa upande wangu.

Njia ya kukimbilia mafuriko haipimwi kwa urefu, inapimwa kwa sehemu yake ya chini kabisa. Chukua njia zako zote mbili, tembea, kila sehemu unaposhuka badala ya kupanda weka alama. Njia nzuri inapanda tangu hatua ya kwanza hadi ya mwisho na haivuki maji popote. Ya kwanza inafuata mto na kuvuka mtaro, imeanguka mara mbili. Hata ingekuwa na lami na taa za barabarani ningeikataa.

Watu wanadharau maji ya chini ya goti. Maji yanayokwenda kasi, kina cha sentimita 15 tu yanatosha kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 yanaanza kuelea na gari dogo, 60 yanabeba magari mengi. Sasa fikiria bajaji.

Ukitembea njia ya pili angalia chemba na mashimo ya vyoo yasiyo na mifuniko. Maji yakifunika uchochoro mtu hajui shimo liko wapi, anazama wima. Kabla ya kutafuta hela ya chochote, tafuta hela ya mifuniko. Pia weka kamba pembeni ya zile ngazi za viroba, maana viroba vikilowa vinateleza sana. Kamba ya manila ifungwe kwenye nguzo za chuma, siyo kwenye minazi michanga.

Na hicho kivuko, usikitumie kama njia, kitumie kama kipimo. Paka mistari kwenye ukuta wake wa pembeni. Maji yakifika mstari wa kwanza kamati inaamka, yakifika wa pili watu wa chini wanatoka, hakuna kikao. Wa pili uweke chini kabisa, pale ambapo watu watakucheka kwamba umewatoa mapema.

Wa Budalangi

Habari zenu ndugu wa Tanzania. Naandika kutoka Kenya, sisi watu wa mto Nzoia mafuriko tumezaliwa nayo.

Kosa la huku kwetu miaka ya nyuma ilikuwa kuangalia mawingu ya hapa kwetu. Maji ya Nzoia yanatoka milima ya Cherangani na Elgon. Unaweza kuwa umeanika nguo, jua linawaka, na mto unakuja. Waliosaidia ni watu wa huko juu kupiga simu chini: mto umepanda, jipangeni. Nyinyi mto wenu unatoka wapi? Tafuteni rafiki huko.

Jambo lingine, msingoje lori la serikali. Lori linakuja wakati barabara tayari ni ziwa.

Fundi Mitaro

Ndugu wa Budalangi ameupiga mwingi. Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu, na mito mingine inauingilia njiani kabla haujafika Jangwani na kuingia baharini pale daraja la Salander. Kwa hiyo Kariakoo inaweza kuwa kavu na nyinyi mkafurika. Wenyeviti wa mitaa ya juu, kuelekea Kinyerezi na Pugu, wapate namba yako na wewe upate zao.

Ukiwa karibu na mdomo wa mto tazama pia bahari. Mvua kubwa ikikutana na bamvua, yaani bahari inapojaa kupita kawaida, maji ya mto yanakosa pa kwenda. Wavuvi wa hapo Salander wanajua tarehe za bamvua bila kalenda, waulize.

Afisa Mtendaji Mstaafu

Mheshimiwa mjumbe, nikupe upande wa makaratasi maana ndiko mipango hufia.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 inazitambua kamati za maafa hadi ngazi zenu za chini. Kwa hiyo huu siyo mpango wako binafsi. Upitishwe kwenye kikao, uandikwe kwenye muhtasari, nakala iende kwa mtendaji wa kata na kwa mratibu wa maafa wa halmashauri. Siku mkihitaji mahema na magodoro, mtaulizwa muhtasari.

Shule: mwandikieni mwalimu mkuu kupitia ofisi ya kata. Msiombe "shule", ombeni madarasa mnayoyataja, vyoo na bomba. Kisha ulizeni funguo zinalala wapi. Nimeona shule imeteuliwa kuwa kituo, watu wakanyeshewa nje mpaka alfajiri kwa sababu mlinzi hakuwa na funguo na mwalimu anaishi mbali. Seti ya pili ikae kwa mtu anayelala mtaani.

Ukuta: usianzishe kesi sasa hivi. Kama uchochoro upo kwenye ramani ya mipango miji, hilo litashughulikiwa kwa utaratibu wake na litachukua muda. Masika ni Machi. Nenda na wazee wawili na mwenyekiti, mkiwa wapole, ombeni geti tu. Mkikubaliana muandikishane: litafunguliwa lini, na nani, na nani atalinda uani kwake.

Nesi wa Zamu

Kaka, umesahau watu ambao hawatembei. Kila mjumbe wa shina ajue kwake nani amelala kitandani, nani ana mimba kubwa, nani mlemavu, nani anabaki na watoto peke yao wakati mama yuko zamu ya usiku. Kila mmoja apangiwe wabebaji wawili kwa majina. Hawa watoke maji yakifika mstari wa kwanza pale kivukoni, wasisubiri wa pili. Na hiyo orodha isitupwe kwenye grupu la WhatsApp, magonjwa ya watu siyo tangazo.

Dawa za presha, sukari na ARV, kadi za kliniki na vyeti vikae pamoja kwenye mfuko wa nailoni, umefungwa, umetundikwa karibu na mlango. Waambieni pia wazime umeme kwenye swichi kuu kabla maji hayajaingia.

Halafu tuseme ukweli, mvua ikianza kuna watu wanatapisha vyoo. Maji hayo yote yanapita kwenye miguu ya watoto. Pale shuleni wekeni maji ya dawa na sabuni tangu dakika ya kwanza, kipindupindu hakisubiri mafuriko yaishe.

Dogo Bodaboda

Mimi naishi bondeni, niwaambie kwa nini hatutoki. Vibaka. Mwaka ule nilitoka, maji hayakuingia kwangu, lakini TV na mtungi wa gesi viliondoka. Sasa nani atatoka tena? Wekeni ulinzi shirikishi pale mlipoishia kupandisha watu, anayeshuka ajulikane, anayepanda na mzigo aulizwe. Mkishafanya hivyo hamtahitaji kumbembeleza mtu.

BondeniKwetu

Wakuu, Mungu awabariki. Mrejesho.

Njia fupi tumeifuta, japo kuna wajumbe wamenuna. Mwenye ukuta amekubali kuhusu geti, ila ametaka taa na walinzi wawili uani kwake, jambo ambalo naliona la haki. Funguo ya akiba itakaa kwa mama muuza maandazi anayepakana naye, maana yeye saa tisa usiku tayari yuko macho anakanda unga.

Kutangaza: kipaza sauti, filimbi kwa kila mjumbe wa shina, na msikiti umekubali. Nimewauliza umeme ukikatika inakuwaje, wana betri. TMA, yaani mamlaka ya hali ya hewa, wakitoa angalizo, simu zote za kamati zinakaa na chaji. Wakitoa tahadhari, geti linafunguliwa kabla ya kulala. Mwenzetu mmoja amefungua ramani ya Ramani Huria, wale vijana wa vyuo waliopita mitaani kuanzia 2015, na uchochoro upo pale, tumeuchapisha.

Sasa tumechanga rangi nyekundu tuchore mishale kwenye kuta za nyumba kuonyesha njia. Kuna ubaya?

Mkongwe_wa_Bonde

Ubaya upo! Umesahau bomoabomoa ya Desemba 2015 kule Mkwajuni? Nyumba ilikuwa inaandikwa X nyekundu, kinachofuata ni tingatinga. Leo mtu akiamka akute rangi nyekundu ukutani kwake atakimbilia mahakamani, hatakimbilia shuleni. Pakeni nyeupe, na muongee na kila mwenye ukuta kwanza. Hata mkipita na daftari la wagonjwa semeni wazi siyo la bomoabomoa wala la fidia, la sivyo mtapewa majina ya uongo.

Afisa Mtendaji Mstaafu

Nyeupe, nakazia. Tena usiku inaonekana vizuri zaidi kwa tochi ya simu.

BondeniKwetu

Nimeelewa, nyekundu naenda kuibadilisha dukani. Tangazo tulilokubaliana ni hili: "Kamati ya maafa ya mtaa inawatangazia wananchi wote kuwa kina cha maji kimeongezeka, hivyo mnaombwa kuchukua tahadhari na kuelekea maeneo salama." Liko sawa?

Nesi wa Zamu

Hapana kaka. Mtu aliyetoka usingizini hajui "maeneo salama" ni wapi. Sema hivi, urudie: "Maji yanakuja. Tokeni sasa. Pandeni shuleni kwa uchochoro, geti liko wazi. Msipite kivukoni."

Dogo Bodaboda

Ongeza "walinzi wapo".