Tupeane uzoefu: mliosoma shule za wasichana za masista Malindi, mlitoka na nini nje ya darasa?

MamaMaweni

Hamjambo wapendwa. Binti yangu ameingia gredi ya 10 katika shule ya wasichana ya masista, hapa hapa Malindi. Juzi kaja na karatasi ya kuchagua vyama, babake akaitazama akauliza, "Na hivi vitamsaidia nini kwenye mtihani?" Nilitaka kumjibu papo hapo, lakini maneno yalinijaa kifuani yakakataa kutoka kwa mpango. Ndipo nimekuja kwenu. Kila mmoja atoe yake, iwe ya kikombe au ya kushindwa. Majina ya shule tuyaache.

Naanza mimi. Nilikuwa kundi la nyimbo za kiasili. Kidato cha tatu tulitayarisha wimbo wa kifudu juu ya Mekatilili wa Menza. Sanamu yake ipo mjini, nimeipita mara ngapi sijui, ila mimi Mgiriama wa kuzaliwa sikuwa najua kwamba kifudu ndicho alichokitumia kuwakusanya watu mwaka 1913, akienda kijiji hadi kijiji kuwaambia wasitoe vijana wao kwa kazi ya Mwingereza wala kodi, mpaka akakamatwa akapelekwa Kisii. Kifudu ni ngoma ya matanga. Ukiicheza, hakuna anayekaa nyumbani. Sista aliyekuwa mlezi wetu alitoka bara, Kigiriama hakukijua hata salamu, na ndiye aliyetwambia twende tukawaulize nyanya zetu likizoni, turudi na maneno yao. Mimi nilirudi na mistari minne na namna nyanya alivyovuta pumzi kabla ya kuianza.

Sasa usiku wa kuamkia tamasha, kayamba langu likapasuka ndani ya basi. Tete moja lilivunjika katikati na mbegu za turituri zikamwagika chini ya viti, nyekundu zenye jicho jeusi. Basi lilisimamishwa. Wasichana ishirini na kitu tukapiga magoti na tochi mbili, tunaokota mbegu moja moja, na mpishi aliyetusindikiza akachomoa sindano ya kushonea magunia na uzi wa katani akakaa mlangoni kulishona. Lilipomaliza kushonwa lilikuwa na sauti tofauti, nzito kidogo. Sista akalitikisa, akafumba macho, akasema hii ndiyo ya msiba.

Kikombe hatukukipata. Kayamba ninalo mpaka leo, juu ya kabati.

Mwamu_wa_Langoni

Assalam aleikum. Dada, umenirudisha mbali.

Mimi ni Muislamu, nimetoka Lamu, na miaka minne nimesoma kwa masista Malindi. Watu wakishangaa huwa nawaambia kwamba Jimbo Katoliki la Malindi, tangu lilipoanzishwa mwaka 2000, linafika Tana River na hata kwetu Amu, kwa hiyo masista walikuwa wageni wa kawaida mitaani mwetu. Babangu aliuliza mambo mawili tu: swala na chakula. Aliridhika. Ramadhani sista wa jikoni alikuwa akituwekea daku kwenye sufuria lililofungwa kwa kitambaa, na yeye mwenyewe ndiye aliyetugongea dirisha la bweni alfajiri. Hilo nikilisimulia Amu, wazee hutikisa kichwa kwa heshima.

Kidato cha kwanza nilichekwa sana. Nilikuwa nasema *ndia* badala ya njia, *mato* badala ya macho, *yeo* badala ya leo. Darasa zima lilikuwa likinisubiri nifungue kinywa. Nikanyamaza mwezi mzima. Mwalimu wa Chama cha Kiswahili akaniita akaniuliza kama kwetu kuna anayejua tenzi. Nikamwambia bibi yangu hafui nguo bila utenzi. Akaniambia lugha wanayoicheka wenzako ndiyo lugha ya washairi wakubwa wa pwani hii, basi andika kwayo. Akanifunza kile ambacho bibi alikijua kwa sikio tu: vipande vinne, mizani nane kila kipande, vitatu vya kwanza vina kina kimoja, na cha nne ndicho bahari ya utenzi mzima, hakibadiliki mpaka mwisho. Ubeti wangu wa kwanza kabisa nimeuhifadhi:

*Ndia yangu ya bahari*
*kisiwani na bandari*
*nimeziata kwa heri*
*elimu kuitafuta*

Nilipanda nao jukwaani mbele ya shule nzima, siku ya sherehe ya mtakatifu msimamizi wa shule. Nilipofika *ndia* nilisita, nikingoja kicheko. Hakikuja. Baada ya hapo nikaenda na utenzi wa beti arubaini kwenye mashindano ya kaunti nikapewa cheti, lakini usiku wa siku ile ya sherehe msichana aliyekuwa akinicheka kuliko wote alikuja kitandani kwangu na daftari, anataka nimuhesabie mizani. Sitaisahau.

Mchumvi

Mimi wa Gongoni, kule kwa mashamba ya chumvi. Nyimbo sijui, mashairi sijui. Nilikuwa chama cha sayansi.

Tulitengeneza makaa ya vifuu na makumbi ya nazi. Nyumbani kwetu makumbi ni takataka, na mamangu alikuwa akinunua makaa ya miti kila wiki. Njia ni hii: unachoma ndani ya pipa lenye mfuniko ili moto usipate hewa nyingi, usije ukabaki na jivu, kisha unatwanga unga, unachanganya na uji wa muhogo, unafinyanga, unaanika. Mwaka wa kwanza yetu yalipasuka yote. Uji ulikuwa mwepesi na tuliyaanika jua kali la saa sita. Tukarudia kwa uji mzito, tukaanika kivulini, yakashika.

Tukaenda nayo kwenye maonyesho ya sayansi, tumejipaka mafuta, bango limeandikwa vizuri. Jaji mmoja mama akauliza, "Yanawaka kuliko ya miti?" Tukajibu kwa pamoja, ndiyo! Akauliza, "Mmepima?" Kimya. Akaandika kitu akaenda zake. Hatukuvuka hata kaunti ndogo.

Mwaka uliofuata tulipima. Jiko moja, sufuria moja, maji lita 1, nusu kilo ya makaa yetu na nusu kilo ya yale ya miti, saa ya mwalimu mezani. Na unajua tuligundua nini? Ya kwetu yalichelewa kuchemsha. Ila yalikaa na moto muda mrefu zaidi. Mwenzangu alitaka tufiche lile la kuchelewa. Tulibishana mpaka kengele ya prepu. Tukaliandika bangoni, kwa herufi kubwa kama zingine, na tukasema haya ni makaa ya maharagwe, si ya chai ya haraka. Tulifika mashindano ya eneo la Pwani.

Leo nafanya kazi ya maabara hospitalini. Kila nikiandika majibu ya mgonjwa namsikia yule mama: mmepima?

Ngao_ya_Goli

Netiboli hapa! Uwanja wetu ulikuwa mchanga, ukiruka unatua nao mdomoni. Tulicheza pekupeku mpaka muhula ambao wazazi walichanga raba. Mechi ya kwanza na raba tulifungwa vibaya, miguu haikuzizoea. Tukavua kipindi cha pili. Ni hayo tu, ila nimecheka na kulia kusoma haya yote.

Aliyebaki

Nimesoma, nimefurahi, lakini na mimi nina langu na naomba mnisikize.

Nilikuwa mwigizaji mkuu. Mazoezi wiki sita, mistari yote naijua, ya kwangu na ya wenzangu. Asubuhi ya kuondoka majina yakasomwa langoni, la kwangu halimo. Nilikuwa na deni la karo. Nilikuwa tayari nimevaa leso ya kuchezea. Mwenzangu aliyepewa nafasi yangu aliivua mwilini mwangu pale pale, na yeye analia, kwa sababu haikuwapo nyingine. Basi lilipotoka nilirudi bwenini nikalala na viatu.

Babangu ni mvuvi. Ilikuwa miezi ya kusi, bahari imechafuka, mashua ziko juu. Si kwamba hakutaka kulipa.

Wenzangu walirudi na kikombe, shule ikaimba usiku kucha. Jina langu halipo kwenye picha iliyotundikwa ofisini. Sisemi vyama ni vibaya. Nasema, dada MamaMaweni, unapomwambia mzee wako faida, mkumbuke na yule mtoto wa langoni.

MamaMaweni

Dadangu. Nimeisoma mara tatu. Pole, na asante kwa kuileta. Nyumbani kwangu usiku huu nimeisoma kwa sauti.

MwalimuMstaafu

Wanangu, hamjambo. Nimefundisha shule za wasichana miaka mingi, si moja, na nimekuwa mlezi wa drama.

Aliyebaki, mimi sikuwa mwalimu wako, lakini nimewahi kusimama langoni nikiwa na orodha ya aina hiyo mkononi. Uamuzi haukuwa wangu na niliutekeleza. Naomba radhi kwa niaba ya mkono uliosoma orodha yako.

Baadaye, katika shule niliyohamia, sista mkuu alikuja na njia rahisi. Gharama ya safari iliingizwa kwenye bajeti ya muhula wa kwanza, na wanachama wenyewe walilima mchicha na sukuma wiki wakauzia jiko la shule. Hela haikuwa nyingi. Ilitosha mafuta ya basi na mkate. Tangu hapo hakuna jina lililokatwa kwa sababu ya karo nikiwa pale. Basi ninyi wazazi mnaokwenda mikutano ya shule, hilo ndilo swali la kuuliza mapema, Januari, si siku ya basi.

Na kwa baba wa mtoto: wakati wetu vyama vilikuwa pembeni. Sasa, kuanzia gredi ya 10, sanaa na michezo ni mojawapo ya mikondo mitatu ya masomo, pamoja na ule wa sayansi, teknolojia na hesabu, na ule wa sayansi za jamii. Kwa hiyo anachokiita mchezo huenda kikawa somo la kutahiniwa.

Mkunga_wa_Ganze

Shikamoo mwalimu. Mimi nilikuwa YCS, Wanafunzi Wakristo Vijana. Hatukuwa na kikombe kwa sababu hatukushindana na mtu. Tulifunzwa maneno matatu: ona, amua, tenda. Nilidhani ni ya kuandika ubaoni.

Kidato cha pili tulipelekwa kuwatembelea wazee waliokimbia makwao kwa kushukiwa uchawi. Ninyi wa Kilifi mnalijua jambo hili, wageni wasome polepole. Mtu akiota mvi na macho yakawa mekundu kwa moshi wa miaka, na akiwa na shamba, maneno huanza. Tulibeba sabuni, unga, na nyimbo mbili.

Nilipangiwa kumchotea maji mzee mmoja. Nilipomfikia niliona ana weusi kwenye paji la uso, kama mstari wa kofia. Nikadhani ni uchafu, nikalowesha kitambaa nimfute. Akanishika mkono kwa upole. "Hiyo ni piko, mwanangu. Haitoki." Alikuwa akipaka nywele piko ili mvi zisionekane. Akaniomba tukirudi mara nyingine, nyimbo tuwaachie wengine, yeye nimletee piko. Akanionyesha kwa kidole mvi zilizoanza kutokeza kwenye mizizi, nyuma ya sikio, kitu cha upana wa punje ya mchele. Aliniuliza mimi niangalie kama zinaonekana kwa mbali.

Njia nzima ya kurudi hatukuimba.

Likizo ya Agosti nilipofika nyumbani, babu yangu mzaa baba alikuwa amenyoa kipara. Mtu ambaye sijawahi kumuona bila mvi zake. Niliwakuta amu zangu wamekaa chini ya mwembe wakizungumza kwa sauti ndogo, na mtoto wa jirani alikuwa amefariki wiki ile. Nilijua mazungumzo yale ni ya nini kabla sijaambiwa. Miaka kumi na sita, msichana, kwetu huingii kikao cha wanaume. Nilikwenda nikapiga magoti, nikaamkia, nikawasimulia piko. Sikuwaambia wafanye nini. Nilisimulia tu weusi ule wa paji la uso na kidole nyuma ya sikio. Amu mkubwa alinyanyuka akaondoka bila kusema. Jioni alirudi na kiti chake akakaa karibu na babu, na usiku ule wakalala uani pamoja, na usiku uliofuata, karibu mwezi mzima.

Babu alikufa miaka mingi baadaye, kwa maradhi, kitandani kwake, nywele nyeupe pe.

MamaMaweni

Sina la kuongeza kwa hiyo.

Mzee wangu amesoma zote, mpaka ya makaa. Ameuliza tu ile ya YCS inakutana siku gani. Binti kashajaza karatasi: YCS, na nyimbo za kiasili.

MwalimuMstaafu

Ya nyimbo nimefurahi, maana shule ya mwanao, kama ndiyo ile niifikiriayo, wana makayamba matatu na moja limepasuka. Mazoezi ni Ijumaa baada ya masomo. Mwenye leso za rangi moja naye asisite.

MamaMaweni

Nimeshalishusha juu ya kabati, mwalimu. Vumbi tele, lakini mbegu zote zimo. Ijumaa nalipeleka mwenyewe.

Aliyebaki

Leso ninazo nne, za bluu. Nipe saa, dada, twende pamoja.