Mjadala: Waziri wa nne wa biashara ni wetu wa Nakuru. Tufurahie nini?

Muuza nafaka, Nakuru

Januari hii ya 2025, siku Lee Kinyanjui alipoapishwa kuwa Waziri wa Biashara, jirani yangu wa duka la pili alininunulia chai na mandazi mawili. "Mzee, sasa tumeshika usukani," akaniambia. Kinyanjui alikuwa gavana wetu kuanzia 2017 hadi 2022. Wengine tulimpigia kura, wengine tukamnyima. Nikanywa chai, nikamshukuru jirani, kisha nikaanza kuhesabu kwa vidole.

Moses Kuria, Oktoba 2022. Rebecca Miano, Oktoba 2023. Salim Mvurya, Agosti 2024, na hata miezi sita hakumaliza, akahamishiwa michezo. Sasa Kinyanjui. Mawaziri wanne wizara moja, na serikali yenyewe haijatimiza miaka mitatu. Kijana anayenipakilia magunia nimekaa naye miaka saba.

Sitaki tuanze lile la jamii gani imepata viti vingapi. Hilo tumelipiga tangu orodha ya kwanza ilipotoka Septemba 2022, na halijashusha bei ya kitu. Wala la nani alikuwa na kesi na nani hakuwa nayo. Waliobanwa kwa maswali kwenye kamati ya Bunge walipita karibu wote. Hata Peninah Malonza, ambaye kamati ilimkataa, Bunge likampitisha siku chache baadaye. Yangu ni ya dukani tu: wizara ya biashara ikigeuzwa kiti cha kupoza wanasiasa, nani analipa?

Mimi nililipa hivi. Novemba 2022, Njoro na Rongai watu wanavuna. Nilikuwa nimechukua magunia 140 ya kilo tisini, karibu shilingi elfu tano kila moja, na sehemu ya pesa hiyo ilikuwa mkopo wa chama cha akiba cha mke wangu. Mahindi yalikuwa bado na unyevu. Tukayaanika kwenye turubai mbele ya duka, na kila saa ninachota konzi moja, nang'ata punje nisikie kama inalia. Ilikuwa bado hailii. Jioni redio ikasema Waziri Kuria ataruhusu magunia milioni 10 yaingie bila ushuru kwa miezi sita, ya GMO, yaani ya mbegu iliyobadilishwa vinasaba, na yasiyo ya GMO. Kesho yake asubuhi wateja wangu wawili wenye mashine za kusaga wakapiga simu, mmoja baada ya mwingine. Neno lao moja: "Ngoja kwanza."

Na hayo mahindi ya nje yalikuwa hayajafika hata Mombasa! Mlango wenyewe ulikuja kufunguliwa Februari 2023. Tangazo peke yake lilitosha kuniangusha. Nikauza nusu kwa hasara, na nusu nyingine fukusi wakanisaidia kuipunguza.

Najua kulikuwa na ukame. Kaskazini watu na mifugo walikuwa wanakufa njaa, na unga wa kilo mbili ulikuwa ushapita shilingi 200 mwaka huo. Sikatai kwamba chakula cha nje kilihitajika. Ila mtu hupewa taarifa kabla ya kununua, hapewi baada ya kuanika.

Mwishoni mwa Februari 2023 tukaona sinema nyingine. Duka moja la Wachina pale Nairobi, China Square, likauza vitu kwa bei iliyowatoa jasho wafanyabiashara wetu. Waziri yule yule, Kuria, akasema yuko tayari kununua mkataba wa kupanga wa duka hilo awape wafanyabiashara wa masoko ya Gikomba na Nyamakima. Katibu wa wizara ya mambo ya nje akatoka kusema wawekezaji wote wanakaribishwa. Sasa wewe unayeagiza sufuria, ushike lipi?

Halafu tazama Naivasha, kaunti yetu hii hii. Waridi lina mkataba wa biashara: Kenya na Umoja wa Ulaya walitia saini Desemba 2023, ukaanza kufanya kazi tarehe 1 Julai 2024. Mwenye maua anajua anasimama wapi. Mwenye mahindi anategea redio.

Kwa hiyo nasema, waziri kuwa mtu wetu hakuniongezei gunia hata moja. Bora mgeni atakayekaa miaka mitano akajifunza kazi. Nipingeni.

Mkulima, Njoro

Mzee wangu, heshima yako, lakini uliyelipa si wewe. Nyinyi mnaonunua kwetu mna tabia moja. Waziri akisema mahindi yanakuja, bei yetu shambani inashuka jioni ile ile. Unga ukipanda Nairobi, sisi tunaambiwa wiki mbili baadaye, tena kwa shingo upande. Hapo katikati nani anakula? Siku ile ya tangazo, mnunuzi mmoja alinikuta nimeshafunga magunia 30, kamba tayari, akaniambia bei ya asubuhi imekufa. Akaiua yeye mwenyewe hapo mlangoni pangu.

Na usimseme waziri wa biashara peke yake. Masika ya 2024 niliinunua mbolea ya ruzuku, shilingi 2,500 mfuko. Nilipoimimina kwenye ndoo ya maji ilikaa chini kama kokoto, maji juu safi kabisa, ningeweza kuyanywa. Nchi nzima ikapiga kelele juu ya mbolea feki. Wabunge wakaleta hoja ya kumng'oa Mithika Linturi, aliyekuwa waziri wa kilimo, kamati ya watu 11 ikaketi, ikapiga kura 7 kwa 4 kwamba hoja haina msingi. Mahindi yangu hayakupigiwa kura. Yalitoka ya njano, marefu kama goti.

Muuza mitumba, Kibuye, Kisumu

Nyie watu wa Nakuru mnachekesha, mmepata waziri mmoja mnafungua mjadala. Sisi huku tulipigwa vitoa machozi kwenye maandamano ya upinzani tangu Machi 2023, halafu Agosti 2024 tukaamka tuna watu wetu serikalini, John Mbadi Hazina na Opiyo Wandayi Kawi. Mjomba wangu aliyekuwa akirusha mawe Kondele sasa anatueleza bajeti.

Lakini kwa kweli, baba, mimi siwezi kuungana na wewe kwenye la bidhaa za nje. Mimi ni bidhaa za nje. Jumapili nikifungua robota, lile furushi la mitumba, watu wamelizunguka hata kabla kisu hakijakata ule mkanda wa plastiki. Zile nguo za kwanza, kamera, zinaondoka kwa dakika tano. Jioni nabaki na fagia, yale masalio, nauza kwa bei ya nyanya. Watoto wangu wamesoma kwa fagia. Kwa hiyo kila waziri anayesimama kusema "tulinde viwanda vyetu" mimi tumbo linaniuma.

Tena mseme na mazuri. Januari 2024 dola moja ilikuwa inakimbilia shilingi 160 na zaidi, robota likawa halishikiki. Kufikia mwisho wa mwaka dola ilikuwa imetulia kwenye 129. Hiyo sikuletewa na mtu wetu wala mtu wenu, lakini nimeiona kwa macho.

Dada yangu anauza samaki, yeye yuko upande wako. Akiona katoni ya samaki wa China imeshushwa, ngege wake wa ziwani analala kwenye barafu hadi kesho. Tunagombana kila Jumapili, mboga tunakula pamoja.

Bodaboda, Free Area, Nakuru

Ushuru wa VAT kwenye mafuta walitoa asilimia 8 wakaweka 16 Julai 2023. Mawaziri watatu wameingia wakatoka, hadi Januari hii ile 16 iko pale pale, haijahamishiwa michezo.

Mzee, hiyo chai ya jirani bado ipo?

Mwalimu mstaafu, Kakamega

Ndugu zangu, tuwe na kumbukumbu. Tarehe 25 Juni 2024 vijana waliingia Bungeni kwa hasira ya Mswada wa Fedha, wengine wakapoteza maisha siku hiyo. Tarehe 11 Julai Rais akavunja baraza lote, akamwacha Musalia Mudavadi tu. Hapa kwetu watu walipiga honi. Sina shaka na Nakuru zilipigwa. Sasa mtu hawezi kudai mawaziri wafukuzwe, kisha akalalamika kwamba mawaziri wanabadilika.

Hii tunayoiita serikali jumuishi imetupa wa kwetu Wycliffe Oparanya kwenye vyama vya ushirika. Wapo waliosema alikuwa akichunguzwa, na ni kweli, na mashtaka yakaondolewa kabla hayajafika popote. Mimi mwenyewe hilo halikunifurahisha. Lakini nchi iliyotoka kuungua, ukigawa viti kwa ustadi unanunua utulivu. Utulivu nao una bei, na biashara haifanyiki bila huo. Duka lako mzee lilifungwa siku ngapi Juni ile?

Mfugaji, Molo

Mimi nitaitetea serikali kidogo. Machi 2023 maziwa ya unga kutoka nje yalisimamishwa, na sisi wa lita ishirini tukapumua. Kwa hiyo wakitaka wanaweza. Tatizo ni kwamba wanataka siku wanayotaka wao.

Muuza nafaka, Nakuru

Mwalimu, duka lilifungwa siku tatu, na hoja yako imenifikia. Lakini umechanganya mafungu mawili. Kuria alihamishwa Oktoba 2023, vijana wakiwa bado hawajashika bango lolote. Mvurya naye hakutolewa na maandamano. Tarehe 9 Desemba 2024 Rais alimtembelea Uhuru Kenyatta, rais aliyemtangulia, kule Gatundu, na siku kumi baadaye majina yakatangazwa: Kinyanjui, Mutahi Kagwe, William Kabogo. Mtu mzima haambiwi hapo kulikuwa na nini. Vijana walidai watu wafukuzwe kwa kazi mbovu. Sijasikia aliyedai Mvurya aondoke ili kiti kipatikane. Utulivu ununuliwe, sawa, lakini mbona lazima ununuliwe kwa wizara yangu? Zipo nyingine.

Mama wa Kibuye, hapo kwenye dola umenishinda. Na sitaki mitumba ipigwe marufuku, koti nililovaa ninavyoandika hili silijui lilikovaliwa kwanza.

Ndugu wa Njoro, sijui niseme nini. Ile jioni ya redio, kabla wateja wangu hawajapiga simu, mimi nilishampigia mkulima mmoja wa Rongai nikamwambia magunia yake 20 sitayachukua kwa bei tuliyokubaliana. Sikuandika hilo pale juu. Kwa hiyo ndiyo, na mimi ni mmoja wao. Ila ona vile ilivyokwenda: waziri alinitisha mimi, mimi nikakutisha wewe, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameona punje ya mahindi ya nje.

Ninachotaka kwa huyu waziri mpya na mwenzake wa kilimo, na hapa sijali walikotoka, ni kitu kimoja kidogo. Kama mwaka huu mtafungua mlango wa mahindi, semeni kabla ya mvua ya Machi: yataingia magunia mangapi, mwezi gani, mlango utafungwa lini. Yaandikwe kwenye gazeti rasmi la serikali, na atakayekuja kushika kiti hicho baada yao asiyaguse hadi tuvune. Mkulima akiona ni mengi, apande viazi. Mimi nikiona ni mengi, nisikope chama.

Mkulima, Njoro

Nimelima ekari tatu. Mbili zitaingia mahindi, hizo hazina mjadala, ni za kula na za karo. Ya tatu nimeiacha kwanza. Mbegu ya viazi naweza kuipata Mau Narok kwa jamaa mmoja, lakini anataka jibu kabla Februari haijaisha.

Na huyo mtu wa Rongai, mzee, ulimlipa?