Naomba ushauri: tuandikeje historia ya Urafiki kabla hatujaisha?

BintiWaMshindio:
Habari za jioni wakuu. Wazee wote shikamooni.

Niliingia kiwanda cha nguo cha Urafiki pale Ubungo mwaka 1975, idara ya kufuma, nikatoka 1992. Wa zamu yetu tumebaki kumi na mmoja. Tunakutana tukizikana au tukiozesha watoto. Mwezi uliopita tumemzika fundi wetu aliyeingia mwaka kiwanda kilipofunguliwa, 1968. Yeye alifundishwa na mafundi wa Kichina kuunga uzi uliokatika kwa vidole viwili, macho yakiwa kwenye mashine nyingine. Kila nilipomwomba anieleze alivyojifunza, alisema tutakaa siku moja. Hatukukaa. Tukirudi kutoka makaburini, humo humo kwenye daladala, tukakubaliana tuandike.

Nimenunua daftari, nimekwama ukurasa wa kwanza. Wenzangu wengine wanataka tuanze na Mwalimu, ziara ya Waziri Mkuu wa China, Zhou Enlai, ya 1965 na Azimio la Arusha. Wengine wanasema hayo yana wenyewe, tuandike yetu. Halafu kuna picha imeleta ugomvi. Tumesimama getini, nyuma yetu bango la NUTA, chama cha wafanyakazi cha wakati ule. Mmoja anaapa ni Mei Mosi ya 1981, mwenzake anasema ni zamani zaidi. Sasa hata simu hawapigiani, watu waliokula sahani moja miaka kumi na tano. Nianzie wapi? Na kumbukumbu zikigongana nifanyeje?

MzeeWaZamuYaUsiku:
Marahaba binti yangu, na poleni kwa msiba. Mimi nilikuwa kiwanda kingine cha nguo, huku Kanda ya Ziwa. Ufuate uzi. Anza na robota la pamba linaposhushwa, ingia nalo kwenye kuchambua, kusokota, mtande (nyuzi za urefu) kupakwa wanga ili usikatike, kufuma, kutia rangi, mpaka kuchapa. Kila hatua mtafute mtu mmoja aliye hai aliyesimama pale, umwachie aseme. Mwalimu na Wachina watajitokeza wenyewe kwenye maneno ya watu, kila mmoja mahali pake.

MkutubiMstaafu:
Dada, kuhusu picha. NUTA iliondoka mwaka 1978 ikaja JUWATA. Bango la NUTA mwaka 1981 litakuwa limetoka wapi? Angalia na beji vifuani: CCM ilizaliwa tarehe 5 Februari 1977, kwa hiyo ukiona beji ya TANU umesogea nyuma zaidi. Usiishie kwenye kitu kimoja, maana mtu huweza kuvaa beji ya zamani. Viwili vitatu vikikubaliana, andika.

Ya ufunguzi wa 1968 katafute kwenye Uhuru na The Nationalist. Usihangaike na Daily News, hilo limeanza 1972. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina mkusanyo wa East Africana, na Kumbukumbu za Taifa wapo Upanga. Nenda asubuhi, uwe na barua ya kujitambulisha.

KijanaWaManzese:
Shikamoo mama. Bibi yangu alichapa khanga zamani. Nilimwambia, "Bibi, nieleze historia ya kiwanda," akanipa sentensi tatu akarudi kwenye mchele wake. Siku nyingine nikamwekea khanga yake mapajani. Akaigeuza nyuma, akapitisha ukucha kwenye pindo, akasema, "Ona, nyekundu imehama. Ua limetoka nje ya mstari wake." Kisha akanieleza kwamba kila rangi hupita peke yake, moja ikisogea unywele tu basi doti nzima imeharibika, na nani alikuwa na jicho la kuiona kabla haijafika mita ya pili. Aliongea mpaka adhana ya magharibi. Mama, mpe mtu kitu mkononi, na simu iwe inarekodi.

Pamba1983:
Naongeza jambo moja, naomba mlipokee kwa uzito. Andikeni na miaka migumu. Baada ya Vita ya Kagera fedha za kigeni zilikauka, vipuri havipatikani viwanda vingi nchini, na sisi mitaani tulipanga foleni kwa doti moja ya khanga. Mwaka 1984 nguo za nje zikaruhusiwa kuingia, soko likabadilika. Katikati ya miaka ya 1990 Urafiki ukaingia ubia, Wachina wakashika asilimia 51. Marehemu baba alikuwa fundi makenika, na miaka ile ya shida ndiyo aliyoisimulia kwa fahari kuliko yote, jinsi walivyochonga vipuri wenyewe. Wawili wakigongana, andika maneno ya wote wawili, kila mmoja na jina lake, na uwaombe ruhusa kwanza.

BintiWaMshindio:
Nimewasoma wote, nimelia kidogo. Mungu awaweke.

Nimeitazama ile picha kwa miwani. Beji ya TANU ipo, kwenye blauzi yangu mwenyewe! Nimempigia aliyekuwa akiapa 1981. Akanyamaza, kisha akasema, "Basi ni kabla sijamzaa wa pili, ndiyo maana nilikuwa mwembamba hivyo." Nimeiandika hiyo.

Na nimeandika ukurasa wangu. Chumba cha kufumia hakikuwa na sauti ya mtu, mashine zilimeza kila neno, kwa hiyo tuliongea kwa mikono. Kiganja kichwani, msimamizi anakuja. Vidole viwili mdomoni, uzi wa mshindio, ule wa upana, umeisha. Kugusa sikio, mwanao anaumwa, nenda, nakushikia mashine. Hicho cha mwisho nilifanyiwa mara mbili na huyo huyo tuliyemzika.

Jumamosi nakwenda Tandale kwa mwenzetu wa kusokota. Naenda na khanga, na mjukuu wa kushika simu.