Bento ya mtoto: nianze na kyaraben, kazari maki au mapishi ya kawaida ya nyumbani?

mama_saitama
Habarini wapendwa. Mtoto anaanza yochien Aprili (chekechea ya huku Japani kwa wasiojua) na kwao kuna siku lazima abebe bento (chakula cha kufungasha kwenye kikopo) ya nyumbani, sasa mimi pilau nitawapikia hata ukumbi mzima ila vya huku najua kuchemsha tambi za pakti basi. Nina asubuhi moja kwa wiki na hela ya kozi moja tu. Ninazofikiria ni tatu, kuna kyaraben, yaani zile bento zenye sura za dubu na vikaragosi, kuna kazari maki ile sushi nene ukiikata ndani linatokea ua au panda, halafu kuna mama mmoja wa Kijapani anafundisha jikoni kwake vitu vya kila siku, supu ya miso (soya iliyochachushwa), mayai ya kukunja, samaki. Roho inataka kyaraben maana zinapendeza jamani na huyu mwanangu anachagua chakula balaa. Mliopita huko mnasemaje?

jikoni_nagoya
Nenda kwa huyo mama, hata usiumize kichwa. Kyaraben ukiiangalia vizuri ni kukata na kupanga, chini ya ile sura ya dubu kuna wali, yai na kitoweo kidogo, na hivyo vitatu ndo hawakufundishi kule, wanachukulia unajua tayari. Sisi tumelelewa wali uchambuke, punje na punje, hapa ukipika hivyo dubu anamwagika masikio kabla mtoto hajafika shule. Mchele wa kwao ule mfupi unauosha mpaka maji yakaribie kuwa angavu, unauloweka kama nusu saa, maji yanazidi mchele kidogo tu, hakuna mafuta hakuna chumvi, chumvi inakuja baadae wakati wa kufinyanga onigiri (matonge ya wali). Halafu tamagoyaki, hilo yai la kukunja, linapikwa kwa matabaka membamba kwenye kikaango cha pembe nne, unamimina kidogo unakunja, unamimina tena unakunja. Huko kwenu Kanto (upande wa Tokyo) wanaweka sukari, Kansai (upande wa Osaka) wanaweka dashi, ile supu yao ya mwani na samaki mkavu, na linakuwa laini linatoa maji, kwa bento, lile la sukari ni rahisi zaidi. Hivi ni vitu vya kuonyeshwa na mtu amesimama pembeni yako, vidio haikwambii kama moto wako umezidi.

binti_wa_tanga
Kaka jikoni_nagoya umesema kweli ila umeidharau kyaraben mno. Mtoto mchaguzi hali dashi yako, anakula sungura. Mi wangu karoti alikuwa anaitupa, ikakatwa maua akaanza kuila, sasa nibishane nae? Na siyo kukata tu, kuna ujanja ambao peke yako hutaugundua. Mfano macho ya nori (karatasi ya mwani mkavu), ukibandika moja kwa moja juu ya wali yananywa unyevu yanajikunja, mtoto akifungua anamkuta dubu kazeeka, kwahiyo unaweka nori juu ya kipande cha chizi unakata kufuata umbo ndo unabandika. Masikio hayashikwi na vijiti vya meno (mtoto wa miaka mitatu na kijiti chenye ncha, hapana!), unachomeka kijipande cha spageti kavu, mpaka saa ya kula imeshanyonya maji imelainika anaila bila kujua. Yai jembamba la kutengenezea blanketi la dubu unalichanganya na wanga wa viazi (katakuriko) kidogo lisichanike. Haya yote nilifundishwa darasani.

jikoni_nagoya
@binti_wa_tanga sawa dada spageti nimekubali 😂 ila umeamka saa ngapi kutengeneza hilo blanketi?

binti_wa_tanga
Nori na chizi nakata usiku naweka frijini. Asubuhi ni kupanga tu.

mzee_wa_chiba
Mimi niseme ya kazari maki maana nipo mkoa wenyewe, Chiba, futomaki (sushi nene) zenye picha ni chakula chao cha sherehe toka zamani, na ni sanaa hasa. Unapaka wali rangi, wa pinki kwa sakura denbu (unga mtamu wa samaki wenye rangi), njano kwa yai, unapanga vijiti vya wali kufuata hesabu, na picha huioni mpaka ukate. Ila kwa bento ya mtoto mdogo mama, hapana. Kipande ni kinene na nori ikishalowa ni ngumu kuing'ata kwa vile vimeno. Iache kwa siku ya undokai (michezo ya shule) mkiwa familia nzima mmekaa kwenye mkeka, hapo utawakomesha majirani.

Na kabla hujalipia kyaraben waulize walimu wa hiyo yochien kwanza, kuna shule zinakataza, watoto wanalinganisha na mama wengine wanalemewa. Usije ukajifunza dubu akaishia nyumbani.

shoga_wa_unguja
Mbona hamna aliyemwambia habari ya viungo? Mama_saitama sijui kama ni Muislamu lakini nasema kwa faida ya wote. Huyo mama wa Kijapani karibu kila kitu atatia mirin (pombe tamu ya mchele ya kupikia) au sake (pombe ya mchele), mwambie mapema kabla ya siku ya darasa asije akaona umemvunjia heshima mezani, sukari na maji kidogo yanashika nafasi ya mirin vizuri tu. Soseji ndogo za bento nyingi za nguruwe, tafuta za kuku zilizoandikwa halali, na jelatini kwenye peremende na keki uisome. Msikiti wa Tokyo Camii pale Yoyogi-Uehara wana duka lao, Shin-Okubo nako maduka ya halali yamejaa.

Halafu nyinyi wa sura za dubu, mikono! Kadiri unavyokishikashika chakula ndo vijidudu vinaingia. Onigiri finyanga ndani ya karatasi ya plastiki, na usifunge kifuniko wali ukiwa wa moto, ule mvuke mwezi wa sita huku kwenye mvua na joto unaozesha chakula mpaka mchana.

mama_saitama
Shoga umenisaidia, mimi ni Muislamu na hilo la mirin sikuwa nalijua kabisa. Nauliza, dashi lazima nichemshe mwenyewe? Nimeona ya unga dukani.

jikoni_nagoya
Ya unga inatosha siku za shule, wenyewe wanatumia, soma tu pakti kwa ajili ya hayo ya halali. Ila mara moja itengeneze mwenyewe ulimi wako uijue. Kombu (mwani mkavu mnene) gramu 10 kwa lita moja ya maji, iloweke, pasha moto polepole uitoe kabla maji hayajachemka ndo utie katsuobushi (samaki mkavu wa kuparwa) kisha chuja. Ladha hiyo ya kombu ndo mwanakemia wa Kijapani Kikunae Ikeda aliichunguza mwaka 1908 akaipa jina umami, kwahiyo siyo mambo ya mtaani.

binti_wa_tanga
Mi bado nasema mtoto atataka sungura.

mzee_wa_chiba
Sungura haihitaji kozi binti. Tufaha likate vipande, ganda lichonge herufi V, inua masikio, loweka kwenye maji ya chumvi kidogo lisigeuke rangi. Soseji ikate upande mmoja miguu, ukikaanga inajikunja pweza. Nyanya ndogo na zabibu kata vipande vinne, mayai ya kware usimpe kabisa kwa umri huo, 2024 Fukuoka mtoto wa darasa la kwanza alikabwa na yai la kware kwenye chakula cha shule akafariki.

mama_saitama
Innalillahi. Basi naenda kwa mama wa nyumbani na nampigia leo kuhusu mirin. Sungura na pweza nitawafanya mwenyewe, na @binti_wa_tanga utanifundisha blanketi. Hicho kikaango cha pembe nne ninunue wapi?

binti_wa_tanga
Cha kuanzia duka la yen 100 kipo, ila ni kidogo na yai linagandia. Ukitaka cha kudumu nenda mtaa wa Kappabashi, kati ya Ueno na Asakusa, maduka ya vyombo mtaa mzima. Usibebe hela nyingi.