Vacation ya 1983: bado ni komedi kali au tunaibeba kwa mazoea? Njooni tubishane

Mleta uzi

Wakuu, kuna ubishi umegoma kuisha kijiweni kwetu nimeona niulete huku. Mshkaji mmoja kakomaa kwamba National Lampoon's Vacation, ile ya Chevy Chase ya mwaka 1983, imeshapitwa na wakati na sisi tunaoisifia tunatetea ujana wetu tu. Mimi nakataa.

Kwa ambao hawajaiona, mshua anaitwa Clark Griswold, ni wa Chicago, kaamua kuipeleka familia Walley World, bustani ya michezo ya kubuni huko California, na anataka waende kwa gari wakati mkewe Ellen kashauri ndege. Balaa linaanzia kwa muuza magari, gari aliloagiza halijaja, anasukumiziwa dude moja refu la kijani lina mbao feki ubavuni, akisema basi nirudishieni langu la zamani anakuta limeshapondwapondwa limekuwa chapati. Kansas wanabebeshwa shangazi Edna na mbwa wake, mbwa Clark kamfunga kwenye bampa akasahau akaondoa gari (mnajua kilichotokea), shangazi naye anafia njiani, wanamfunga juu kwenye keria mpaka Phoenix wanamwacha kwa mwanae na mvua inanyesha. Wakifika Walley World imefungwa wiki mbili.

Sasa watu wengi ukiwauliza inadumu kwa nini watakwambia lile gari, au ule wimbo wa muvi wa Lindsey Buckingham, au yule mrembo anayepishana nao barabarani na Ferrari. Sawa, ila hivyo havimbebi mtu miaka 40. Kwangu mimi muvi yote iko pale Clark anapokaa na mwanae Rusty, anampa bia aonje, dogo anaimaliza yote, halafu mshua anasema kwamba utotoni karibu kila kiangazi walikuwa wanasafiri na katika miaka 18 hawakuwahi kufurahi hata mara moja. Anasema kama utani, ila ndo hapo unaelewa kwa nini hageuzi gari. Anataka kuilipa safari ya baba yake kwa kutumia watoto wake, na watoto wenyewe hawajaomba!

Na hii ya "kupitwa na wakati" inanichekesha kwa sababu Clark alikuwa kapitwa tangu siku ya kwanza. Mwandishi wake John Hughes aliitoa kwenye hadithi yake fupi "Vacation '58", ilitoka kwenye jarida la National Lampoon mwaka 1979, na kule walikuwa wanaenda Disneyland yenyewe, ambayo mwaka huo wa 1958 ilikuwa na miaka mitatu tu tangu ifunguliwe. Enzi hizo baba kuipakia familia kwenye gari kuvuka Marekani ilikuwa jambo la kawaida. Wakaja kumhamishia mtu huyohuyo 1983, wakati serikali ilishaacha kupanga nauli za ndege kutokana na sheria ya 1978, mashirika yanagombania abiria, na yeye bado anakunja ramani.

Halafu mwisho wa kwanza haukuwa ule. Familia ilikuwa inaenda nyumbani kwa mwenye bustani na kumteka, wakaionyesha kwa watazamaji wa majaribio, watu wakanuna. Ikabidi mwongozaji Harold Ramis apige upya, ndo akaja mchekeshaji John Candy kama mlinzi anayelazimishwa kupanda rola kosta na mtu mwenye bastola ya goroli. Yaani watu walivumilia mbwa, walivumilia maiti juu ya gari, lakini Clark asifike? Hawakukubali.

Karibuni mnipinge.

mama_wawili

Kaka umeongea vizuri ila mbona umekiruka kile kipande cha mji wa St. Louis kama hujakiona? Wanapotea njia wanaingia mtaa wa watu weusi, Clark anauliza njia, huku nyuma vifuniko vya ringi vinaibiwa na gari linachorwa matusi. Mimi naishi huku Marekani, wanangu wamezaliwa huku, siwawekei kile kipande na nicheke nao. Kila mtu kwenye hiyo muvi ana sura na jina, hata binamu Eddie, yule wa Kansas aliyewabebesha shangazi, ana shida zake unamuonea huruma. Wale wa St. Louis hawana chochote, kazi yao ni kutisha na kuiba.

Na hiyo "ya familia" nayo tuache, ilipewa daraja la R, chini ya miaka 17 haingii bila mtu mzima.

Mleta uzi

Dada kile kipande sikitetei, ni kibovu. Ila angalia, Clark anawahubiria watoto kwamba hii nayo ni sehemu ya Amerika waione, na hapohapo anaamuru vioo vipandishwe. Anayechekwa pale ni yeye na uoga wake.

mama_wawili

Angechekwa yeye kama vifuniko vingebaki salama. Vimeibiwa. Kwa hiyo muvi yenyewe imesema uoga wake ulikuwa sahihi, hiyo ndo tofauti na kule kwingine kote ambako Clark akijiamini anaumbuka.

Kobe Mzee

Dada kamaliza hiyo, mleta uzi usijibu lol

Ila kuhusu kudumu namuunga mkono mleta uzi. Waliirudia 2015 na Ed Helms, yule Rusty kakua, naye anapeleka wanae Walley World, vituko ndo vimezidi uchafu, lakini wangapi mnaikumbuka? Kule kila mtu anafanyiwa tu vituko, wakati Clark wa 83 anajiharibia mwenyewe. Kumbuka Grand Canyon, hundi yake imekataliwa hotelini, kachota hela kwenye droo ya kaunta, anatoka mbio, familia imesimama pale ukingoni, anatazama sekunde chache anatikisa kichwa na kuwaambia tuondoke. Kasafiri maelfu ya kilomita na hajaona kitu. Hapo hakuna tusi wala maiti na ndo panachekesha kuliko pote.

Na ile Vacation nyingine ya Clark, ya Krismasi ya 1989, mbona hakuna aliyeitaja? Mimi naiweka juu ya hii.

Mleta uzi

Mkuu ile wamekaa nyumbani, anzisha uzi wako.

mama_wawili

Aanzishe, huko nitakuwa upande wake.