Historia ya tawi letu (kikundi cha ukoo)

Baba Mkubwa: Hamjambo wanangu. Kamati imenipa kazi ya kuandika historia fupi ya tawi letu la Kanisa la Mennonite, isomwe siku ya Meza ya Bwana. Nimeanza: "Mwaka 1934 wamishenari Elam Stauffer na John Mosemann, pamoja na wake zao, walitoka Marekani wakafungua kazi Shirati, mkoani Mara, kwenye kilima cha Katuru..." Kurasa mbili hizo nimewawekea hapo juu. Mwenye la kuongeza aseme kabla ya Jumamosi.

Kevo Mwanza: Shikamoo Baba Mkubwa. Hao wake hawana majina?

Baba Mkubwa: Marahaba. Elizabeth na Ruth. Nitaweka.

Shangazi Musoma: Weka. Na wa kwetu je? Kurasa mbili nzima, mwanamke mweusi hata mmoja hayumo. Kale kajengo ketu ka kwanza nani alikandika?

Baba Mkubwa: Dada, hii ni historia ya kanisa, si ya udongo.

Shangazi Musoma: Haya bwana 🙄

Achieng Dodoma: Shikamooni. Msinicheke. Mpaka darasa la nne nilijua Mennonite ni kanisa la mambo ya meno. Huyo Menno ni nani?

Kevo Mwanza: 😂😂😂 dada wewe

Baba Mkubwa: Menno Simons, padri wa Uholanzi. Aliacha upadri 1536. Yeye na wenzake walikataa kubatiza vichanga na kushika silaha, wakateswa vibaya.

Kevo Mwanza: Uamsho wa 1942 umeuweka?

Baba Mkubwa: Ukurasa wa pili, soma. Hapo Shirati mzungu na Mwafrika waliungama mbele ya wenzao, wakaombana msamaha. Wachungaji wetu wa kwanza waliwekewa mikono 1950. Januari 1967 Zedekiah Kisare akawa askofu, Mwafrika wa kwanza.

Mama Mdogo: Niko kwa Dani, yaani bibi, namsomea yote haya. Amecheka sana hayo ya meno. Anasema Stauffer hakuwahi kumwona, kilichomkalisha kanisani ni kuoshana miguu. Naandika anavyosema:

"Nilibatizwa mwaka ule wa Kisare. Meza ya Bwana yangu ya kwanza, wanawake upande wetu, tukapangwa wawili wawili. Nikaangukia kwa jirani tuliyenuniana tangu palizi kwa sababu ya mbuzi aliyekula mtama. Nikataka kuhama benchi. Yeye keshapiga magoti. Nilitoka shamba, miguu ina tope, maji yakawa kama chai. Akanifuta kwa kanga yake. Akainuka, tukabusiana. Nikapiga magoti nami."

Achieng Dodoma: Jamani Dani 😭

Shangazi Musoma: Beseni lenyewe ninalo. La bati, ua jekundu ndani. Liliazimwa harusini likarudi na tundu, wala pole sikupewa. Sasa nimeotesha sukuma wiki.

Baba Mkubwa: Usilitupe. Lisafishe, uje nalo.

Shangazi Musoma: Si ulisema si historia ya udongo? Limejaa udongo hilo.

Baba Mkubwa: Dada, nimekosa. Mama Mdogo, muulize Dani huyo jirani aliitwa nani nimwandike.

Mama Mdogo: Anasema uje mwenyewe jioni akutajie, mambo ya simu hataki. Ila ukuta wa mbele wa kanisa alikandika huyohuyo, akiwa na mimba ya miezi saba.

Kevo Mwanza: Na mtama ulilipwa?

Mama Mdogo: Anasema haukulipwa. Mbuzi alikuwa wa kwetu.