Wakuu, kama Mungu anajua kila kitu anatupima imani ya nini? Naomba ushauri kabla ya Ijumaa

Msafiri wa Alfajiri (mleta mada)
Habari za jioni wakuu. Mimi ni Mkristo, nimeokoka muda sasa, na neno la Mungu sibishani nalo. Ila kuna jambo linaninyima usingizi. Tunafundishwa Mungu anajua yote, yaliyopita na yajayo, na moyo wangu anaujua kuliko ninavyoujua mimi. Sasa kama anajua nitashinda au nitashindwa, anipime ili iweje? Ibrahimu katembea mpaka siku ya tatu, ana kuni, moto na kisu, mtoto yuko pembeni, kaja kufika juu ndio anaambiwa "sasa najua" kwamba unamcha Mungu. Kabla ya hapo alikuwa hajui? Naulizia kwa nia njema kabisa.
Mimi mwenyewe nipo kwenye mtihani mkubwa na Ijumaa nimepanga kupanda mlimani, kufunga kavu siku tatu, bila chakula wala maji. Wajuzi wa maandiko na wenye uzoefu wa kufunga kavu nisaidieni, sitaki kufeli.

Fundi Saa
Mkuu mwalimu wa hesabu majibu yote anayo na bado anakutungia mtihani. Anayetakiwa kujua kiwango chako ni wewe. Soma 2 Mambo ya Nyakati 32:31, Hezekia aliachwa ajaribiwe ili yaliyomo moyoni mwake yajulikane. Ibrahimu alishuka mlimani anajijua, hapo mwanzo alikuwa anajisikia tu.

Kisiki
Hiyo ya mwalimu huwa inanichosha. Mwalimu anapima kwa sababu hajui nani kasoma nani hajasoma. Ajuaye yote hapimi. Na kama mtihani ni wa kukufundisha wewe, niambieni watoto kumi wa Ayubu walikuwa wanafundishwa nini. Mtihani wa baba, waliofukiwa na nyumba ni wao, halafu mwisho wa kitabu baba kapewa wengine tunaambiwa yamekwisha. Sijawahi kupata jibu la hilo toka nipo sekondari.

Abuu Swafiya
Assalamu alaykum. Kwetu jambo hili liko wazi, Surat Al-Ankabut aya ya 2 na 3, watu wasidhani wataachwa kwa kusema tu tumeamini wasijaribiwe, na waliotangulia nao walijaribiwa. Elimu ya Allah haiongezeki kwa mtihani, ila yeye hamlipi mja kwa jambo ambalo mja hajalitenda. Kujua kwamba utatoa ni kitu kimoja, wewe kutoa ni kingine. Ila ndugu yangu hujatuambia umejaribiwa kwa kitu gani.

Mama Kulwa
Pole mwanangu. Mimi niliambiwa nipande mbegu, nikauza cherehani iliyokuwa inanilishia watoto, wakanisomea Malaki 3:10 kwamba mjaribuni Bwana. Nikakaa nasubiri madirisha ya mbinguni, kodi ikaisha, mwenye nyumba katutoa. Mungu wangu sijamwacha mpaka leo, kanivusha kwa njia nyingine kabisa, nilianza na maandazi sasa nina kibanda. Ila anayeniambia toa kila kitu uone, huwa namuuliza na wewe unatoa nini. Usiniambie na wewe wanataka hela?

Msafiri wa Alfajiri
Hapana mama, hela hakuna aliyeniomba. Kuna mgonjwa nyumbani, ndio namuombea.

Dada wa Zamu
Mgonjwa ni nani na anaumwa nini? Na hiyo Ijumaa anabaki na nani?

Msafiri wa Alfajiri
Ni mwanangu, ana miaka 7. Ana selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Habaki, tunaenda wote.

Dada wa Zamu
Unampeleka mtoto wa selimundu mlimani kwenye baridi, kufunga kavu??

Msafiri wa Alfajiri
Dada nielewe kwanza. Yeye hafungi siku zote tatu, nitamkadiria. Miaka yote hii ni hospitali tu, akipatwa na yale maumivu analia usiku kucha miguu na mgongo, mama yake analia, na mimi naenda kulia chooni. Mtumishi akatuambia hii ni laana ya ukoo na mtihani wangu ni kuachilia, kama Ibrahimu. Kwa hiyo dawa tutaziacha nyumbani. Nikibeba dawa nitakuwa namwambia Mungu nakuamini lakini nimejiandaa endapo utashindwa. Ibrahimu hakubeba kondoo wa akiba. Mama mtu nimemwambia tunaenda kumsalimia bibi, nitamweleza tukirudi mtoto akiwa mzima. Naombeni tusigombane, nimeuliza swali la imani tu.

Dada wa Zamu
Nakujibu kama muuguzi. Hiyo sio laana. Mtoto mwenye selimundu amerithi kinasaba kimoja kwako na kimoja kwa mama yake, na wazazi mkiwa wabebaji kila ujauzito una asilimia 25 ya kupata mtoto wa hivyo. Imejaa huku kwetu kwa sababu mbebaji ana kinga fulani dhidi ya malaria kali, ndio maana kwenye ukanda wa malaria kinasaba hiki kimedumu. Hakuna bibi aliyekosea kitu. Na vinavyoamsha yale maumivu ni hivyo hivyo unavyompelekea, baridi, kukosa maji mwilini na uchovu. Chembe zake nyekundu zinajikunja na kuziba mishipa. Maji kwake ni sehemu ya matibabu, kumnyima hata nusu siku ni hatari.

Abuu Swafiya
Ndugu yangu, Surat As-Saffat aya ya 102, Nabii Ibrahim alimwambia mwanawe alichoona ndotoni kisha akamuuliza, wewe waonaje? Mtoto aliulizwa, akajibu. Mwanao umemuuliza? Na kwenye mfungo, Al-Baqarah 185, mgonjwa ameondolewa uzito huo na Mwenyezi Mungu mwenyewe. Usimtwishe mtoto alichomsamehe Muumba wake.

Kipanga wa Bara
Wakuu mnamwaga machozi bure, hii ni chai tena ya maziwa. Akaunti imefunguliwa jana, uzi ndio huu mmoja, kila akiulizwa anaongeza kipande kama tamthilia. Mara mgonjwa, mara mtoto, mara mama mtu hajui. Kesho utaambiwa malaika kashuka. Mleta mada taja dawa anazokunywa, kliniki anaenda lini, na mlima gani. Usipojibu mods wafunge.

Fundi Saa
Daah na mimi nilianza kuhisi. Kuna jamaa alishawahi kutuletea ya figo humu, watu wakachanga, akapotea.

Mama Kulwa
Hajaomba hela lakini! Na hata kama katunga, hamjui wangapi wanasoma hapa wakiwa na mtoto wa hivyo ndani. Acheni watu waelezwe.

Kipanga wa Bara
Mama kwa huruma hiyo ndio maana cherehani ilienda. Ajibu tu, sio ngumu.

Mama Kulwa
Cherehani niachie mwenyewe baba.

Msafiri wa Alfajiri
Nimefungua akaunti jana kwa sababu ile ya zamani mke wangu anaijua. Anakunywa haidroksiyurea na foliki asidi, kliniki ni kila mwezi, ya mwezi huu hatujaenda. Mlima sitautaja, kuna waumini wenzangu humu. Macho yake ni ya njano toka mdogo wenzake wanamtania shuleni. Sina haja ya kutunga.

Fundi Saa
Sawa, basi nisikilize kwenye maandiko maana ndiko ulikoanzia. Hezekia Mungu alishamwambia nitakuponya, nitakuongezea miaka 15. Neno limetoka, limekwisha. Bado Isaya akaagiza mkate wa tini uwekwe kwenye jipu, Isaya 38:21. Ahadi ilikuwepo na dawa ikapakwa, hakuna aliyesema Hezekia kakosa imani. Na pale mlimani sauti ya pili ilikuwa usimnyoshee kijana mkono wako. Ibrahimu alitii na hiyo pia. Wewe unashikilia sauti ya kwanza tu.

Msafiri wa Alfajiri
Hiyo ya tini sikuwahi kuiona hivyo. Lakini mtumishi nishamwahidi, na wengine wanaopanda wamechanga nauli. Nikiahirisha itaonekana nimerudi nyuma.

Kisiki
Mkuu mimi siamini na sitakuficha. Ila kama yupo na anajua yote, basi anajua tayari kwamba unampenda huyu mtoto kuliko roho yako, hahitaji umsogeze kwenye ukingo. Nauli watarudishiwa.

Dada wa Zamu
Kaka yangu, hiyo kliniki ya mwezi huu mmeikosa kwa nini? Dawa anakunywa sasa hivi? Na leo yukoje?

Msafiri wa Alfajiri
Dawa ziliisha, nikaona kwa kuwa tunaelekea mlimani nisichukue nyingine. Leo hajacheza, kalala toka mchana. Mwili una joto, nikadhani ni jua maana alitoka shule kwa miguu.

Dada wa Zamu
Mpime. Kama una kipimajoto na kinasoma 38 au zaidi usisubiri asubuhi. Kama huna, mpeleke tu. Kwa watoto hawa bandama huwa haifanyi kazi vizuri, vijidudu vikiingia kwenye damu vinakimbia, homa ya kawaida kwa mwenzake kwake ni dharura. Mpe maji mkiwa njiani.

Kipanga wa Bara
Aisee. Mkuu nenda, mengine tutajibizana baadae.

Abuu Swafiya
Nenda ndugu yangu. Hata Mtume wetu ametuamrisha tujitibu, na kwamba hakushushwa ugonjwa ila umeshushwa na dawa yake. Tunamuombea kijana.

Msafiri wa Alfajiri
38.9. Mama yake yuko zamu ya usiku kazini.

Dada wa Zamu
Mpigie sasa hivi, mwambie yote, mkutane hospitali. Ukifika mapokezi sema neno selimundu na homa kabla ya kitu kingine, usikae kwenye foleni. Beba kadi ya kliniki na nguo nzito, na waambie ukweli kwamba dawa zimekatika, na toka lini.

Msafiri wa Alfajiri
Bajaji ipo nje. Kadi iko wapi ndio natafuta.

Dada wa Zamu
Iache, jina lake lipo kwenye daftari lao. Nenda.